Milioni 9 za kaka, au mikarafuu ya miaka 20?

SWALI

Assalaamu alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, Wete. Baba alituachia, mimi na kaka yangu, shamba la mikarafuu upande wa Konde. Kwa mirathi fungu langu ni theluthi moja, lake theluthi mbili. Kaka anaishi Unguja na sasa anataka kuninunua fungu langu: atanipa milioni 5 hivi sasa na milioni 4 baada ya miaka miwili. Nina daftari la misimu minne iliyopita. Baada ya kutoa ujira wa wachumaji, palizi na usafiri, fungu langu lilikuwa laki 5, kisha milioni 1.2, kisha laki 9, na msimu huu uliopita, ambao ulikuwa mkubwa, milioni 3. Nimejumlisha miaka kumi ijayo kwa mwendo huohuo nikapata milioni 12.9, nikaona kaka ananipunja. Mume wangu anasema nichukue pesa nijenge fremu ya duka Chake Chake, kule fremu kama hiyo inakodishwa elfu 80 kwa mwezi. Mwanafunzi wangu wa zamani kaniambia Excel ina fomula ya kuzileta pesa za mbele kwenye thamani ya leo. Inafanyaje kazi? Na hiyo asilimia inayokatwa, si riba?

JIBU

Wa alaykumu salaam, mwalimu. Daftari lako limenipunguzia nusu ya kazi. Wengi wanaoniletea suala la shamba la urithi huja na "kwa kawaida huwa tunapata kama hivi", na ukiwauliza kama hiyo ni kabla au baada ya kuwalipa wachumaji, hawajui. Wewe umekuja na misimu minne iliyoandikwa, matumizi yameshatolewa. Tuanzie hapo.

Jumla yako ya milioni 12.9 ina makosa mawili, na yanavuta pande mbili kama watu wanaoshindana kwa kamba. La kwanza, umezihesabu laki 5 za mwakani na milioni 3 za mwaka wa nane kana kwamba zote ziko mkononi leo. La pili, umesimama mwaka wa kumi, kana kwamba siku hiyo mikarafuu itakatwa kuni. La kwanza linaikuza thamani ya shamba, la pili linaipunguza. Kwa hiyo hata kama jibu lako lingetokea kuwa karibu na ukweli, lingekuwa karibu kwa bahati.

Tuliondoe kosa la kwanza, kwa kuitumia fremu ya mumeo. Tuseme ungekuwa na milioni 9 taslimu leo na ukaijenga. Elfu 80 kwa mwezi ni 960,000 kwa mwaka. Lakini fremu haikai na mpangaji miezi yote kumi na miwili ya kila mwaka, na bati, rangi na mlango vinataka pesa. Toa miezi miwili hivi ya hasara na matengenezo, ubaki na laki 8. Laki 8 juu ya milioni 9 ni karibu asilimia 9. Maana yake, shilingi 100 uliyo nayo leo, ukiipeleka kwenye kazi unayoijua na inayowezekana kwako, mwakani itakuwa 109. Basi na kinyume chake ni kweli: mtu akikuahidi 109 za mwakani, kwako wewe amekupa 100 za leo. Laki 5 za msimu ujao, kwa kipimo hicho, ni 500,000 gawanya kwa 1.09, yaani 458,716. Milioni 3 za mwaka wa nne unazigawa kwa 1.09 mara nne, zinabaki 2,125,276. Na milioni 3 za mwaka wa ishirini? Ni 535,293 tu. Hiyo ndiyo thamani ya sasa: kiasi ambacho ukikipata leo ukakifanyia kazi, kitafika kule mbele kikiwa sawa na ulichoahidiwa.

Hapa ndipo nikujibu kuhusu riba, maana umeuliza kwa dhati na wengi wanaiona asilimia wakashituka. Fatwa si kazi yangu. Ninachoweza kukueleza ni namna hesabu inavyokwenda. Asilimia hii haimtozi mtu yeyote. Hakuna anayekopesha wala anayekopeshwa. Ni kipimo cha kile unachokiacha kwa kungoja, na ndiyo maana nimeichukua kwenye kodi ya fremu, wala sikuichukua kwenye mkopo wa benki. Kama ungekuwa na ndugu anayefanya biashara ya dagaa ambaye angekuchukua mshirika, ningeitafuta kwenye faida ya dagaa. Walakini kuna jambo moja ambalo nakuomba umuulize sheikh kabla ya kusaini chochote. Kuuza fungu lako la shamba ni jambo moja, kuuza mavuno ya miaka kadhaa ijayo huku miti ikibaki yako ni jambo jengine, na katika fiqhi lina katazo lake linalojulikana. Hesabu ninayokuonesha inalipima la kwanza.

Sasa Excel. Kama huna kompyuta, Google Sheets kwenye simu inafanya yote haya bila malipo, na fomula ni zilezile.

Kwenye seli B1 andika 9%. Hii ndiyo seli ya asilimia, na itabaki pekee, usiiandike tena pahala pengine popote. Mstari wa 4 uache kwa vichwa vya habari. Kuanzia A5 kushuka mpaka A24 andika miaka, 1 mpaka 20. Kwenye B5 mpaka B8 andika mapato ya misimu minne kwa mpangilio unaoutazamia: 500000, 1200000, 900000, 3000000. Usitie mkato wala neno "laki" ndani ya seli, la sivyo huenda programu ikaiona ni maandishi. Kisha kwenye B9 andika =B5, ishike kona ya seli uiburute mpaka B24. Mzunguko wa miaka minne utajirudia wenyewe, na ukibadilisha msimu mmoja pale juu, yote ya chini yatabadilika.

Kwenye C5 andika:

=B5/(1+$B$1)^A5

Alama za dola zinaifunga seli ya asilimia isitembee unapoburuta fomula. Ukizisahau, C6 itatafuta asilimia kwenye B2, ambako hakuna kitu, na thamani ya mwaka wa pili itatoka bila kupunguzwa hata senti. Seli hiyo haitatoa kosa lolote kwenye skrini. Itakaa pale imetulia, ikionekana nzuri. Buruta C5 mpaka C24, na chini yake, C25, andika =SUM(C5:C24).

Utapata kama TSh 12,085,000.

Mwanafunzi wako alikuwa anazungumzia NPV, ambayo inafanya kazi hiyo yote kwa mkupuo mmoja: =NPV(B1,B5:B24). Iandike kwenye C26 uone kama inalingana na C25. Kama kompyuta yako inakataa mkato, weka nukta mkato, inategemea mpangilio wa nchi uliowekwa kwenye mashine. Mimi humtaka mtu aanze na safu ndefu ya C, kisha NPV iwe ya kuhakiki, kwa sababu kwenye safu unaona kila mwaka unachangia nini. NPV inakupa namba moja tu, na namba moja haina pa kuulizwa.

Tena NPV ina tabia mbili ambazo lazima uzijue. Kwanza, inaichukulia namba ya mwanzo kuwa inapokewa mwishoni mwa mwaka wa kwanza, si leo. Pesa ya leo haiingii ndani ya mabano yake, unaijumlisha nje. Pili, seli tupu inairuka kana kwamba haipo. Hili la pili linakugusa wewe moja kwa moja.

Tazama ahadi ya kaka yako. Umeiita milioni 9, na yeye anaiita milioni 9, lakini milioni 4 kati yake ziko miaka miwili mbele, na ulichokifanyia shamba lazima ukifanyie na ahadi. Kwenye E5 andika 0 kwa mwaka wa kwanza, kwenye E6 andika 4000000, kisha:

=5000000+NPV(B1,E5:E6)

Jibu ni 8,366,720. Ile sufuri ya E5 usiiache. Ukiiacha seli tupu, NPV itaziona milioni 4 kuwa za mwaka wa kwanza, na ahadi ya kaka itavimba mpaka 8,669,725. Laki 3 nzima zimezaliwa na seli isiyojazwa. Nimewahi kuletewa hesabu ya nyumba ya urithi iliyofanywa hivi, ndugu wameshakubaliana na kugawana, na aliyeumia alikuwa mdogo wao ambaye alilipwa kwa awamu. Haikuwa hila ya mtu. Walikuwa wameacha tupu miaka ambayo hakuna malipo, kama ambavyo yeyote angeacha.

Kwa hiyo kwa asilimia 9, miaka 20, mizani iko hivi: shamba milioni 12.09, kaka milioni 8.37. Unaweza kusema umeshinda, ufunge kompyuta. Usifunge bado.

Rudi kwenye lile kosa la pili, la kusimama mwaka wa kumi. Badilisha C25 iwe =SUM(C5:C14). Inatoka 8,064,000 na ushei, chini ya ahadi ya kaka. Shamba lilelile, mapato yaleyale, asilimia ileile, ila ukisimama mwaka wa kumi hesabu inakwambia uza, ukisimama wa ishirini inakwambia usiuze. Ndiyo maana nilisema makosa yako mawili yalikuwa yanavutana. Na ndiyo maana kila mtu akikuletea "thamani ya sasa" ya kitu chochote, muulize kwanza amesimama mwaka gani na kwa nini. Ukishaona hilo, irudishe C25 kuwa =SUM(C5:C24).

Kwa mikarafuu, kumi ni michache mno. Mkarafuu huchukua miaka sita, saba, hata minane kabla ya kuzaa la maana, lakini ukishashika hudumu miongo mingi, na wapo wazee huko Pemba wanaochuma miti iliyopandwa kabla hawajazaliwa. Hujanambia miti yenu ina umri gani. Nenda na mtu anayejua, mhesabu mmoja mmoja: inayozaa vizuri, iliyochoka, iliyoanza kukauka kileleni, na michanga ambayo bado. Hesabu hiyo ina uzito kuliko fomula yoyote niliyokuandikia, kwa sababu inakwambia kama miaka 20 ni haki au ni matumaini.

Ukiona miti kadhaa inakufa kila mwaka na hakuna anayepandiza, liingize hilo kwenye jedwali. Kwenye B2 andika 2%, na C5 iwe:

=B5*(1-$B$2)^A5/(1+$B$1)^A5

Iburute tena mpaka C24. Shamba linalopungua asilimia 2 kila mwaka lina thamani ya milioni 10.25. Weka 4%, linashuka mpaka milioni 8.77. Bado ni juu ya ahadi ya kaka, lakini sasa mnakaribiana.

Na asilimia hiyo ya kupungua si ya miti peke yake. Jedwali lako linachukulia kwamba milioni 3 za miaka ishirini ijayo zitanunua mchele uleule unaonunua leo. Embe sokoni likipanda bei kila mtu analipandisha. Karafuu sivyo: bei hupangwa, na mnunuzi ni Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC. Bei inaweza kukaa pahala pamoja misimu kadhaa huku ujira wa mchumaji, majamvi ya kuanikia na nauli ya gari vikipanda. Hapo kinachobaki mkononi kinapungua hata kama miti ni mizima. Ndiyo sababu mimi, kama ni shamba langu, nisingeiacha B2 kuwa sufuri.

Hapohapo nikuonye kuhusu jambo linalowachanganya hata wahasibu. Nimeitoa asilimia 9 kwenye kodi ya leo ya fremu, na mapato umeyaandika kwa bei za leo. Vyote viwili vinazungumza shilingi ya leo, kwa hiyo vinaelewana. Mtu akikwambia hatifungani za muda mrefu za Serikali zinalipa, tuseme, asilimia 14, usiichukue 14 ukaitia B1. Ndani ya hiyo 14 mna sehemu inayofidia kupanda kwa bei. Kama bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka, andika kwenye seli yoyote =1.14/1.04-1 na upate kama asilimia 9.6. Hiyo ndiyo inayolingana na jedwali lako. Ukichanganya, yaani mapato ya bei za leo na asilimia iliyobeba mfumuko, unalionea shamba, na unalionea zaidi kadiri miaka inavyokwenda mbele. Mnunuzi anayejua hesabu anaweza kukuletea jedwali la namna hiyo likiwa limepangwa vizuri, na kosa lenyewe lisionekane popote isipokuwa kwenye namba moja pale juu.

Sasa ichezee B1. B2 irudishe sufuri kwa muda ili tuone athari ya asilimia peke yake. Kwa asilimia 12, shamba ni milioni 9.71 na ahadi ya kaka ni milioni 8.19. Kwa asilimia 15, shamba ni milioni 8.00 na ahadi milioni 8.02. Wamelingana. Hilo linakupa swali rahisi la kumuuliza mumeo, na hapo sote tunaacha kubishana juu ya Excel: pesa za kaka, zikiwa mikononi mwenu, mna kazi ya kuzifanyia inayoleta zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka, baada ya matumizi na baada ya kupanda kwa bei? Kama ipo na mnaijua, chukueni. Fremu ya Chake Chake haifiki huko, kwa hesabu yake mwenyewe ni 9. Tena fremu ya milioni 9 haijengwi na milioni 5. Mtajenga msingi na kuta, mkangoja miaka miwili bati. Miaka miwili hiyo haina mpangaji, na hilo pia ni gharama ambayo mumeo hajaihesabu.

Kuna watakaokushauri utumie IRR, inayotafuta asilimia ya kulinganisha yenyewe. Kwa malipo ya mara moja ingefaa: weka -9000000 juu na miaka 20 chini yake, itakupa asilimia 13.1 hivi. Kwa ahadi ya awamu mbili ukitaka kuziunganisha pande mbili kwenye safu moja, mwaka wa pili unatoka hasi katikati ya miaka iliyo chanya, na fomula hiyo inapokutana na alama zinazogeukageuka inaweza kutoa jibu zaidi ya moja. Pandisha B1 kwa mkono mpaka pande zilingane. Inachukua dakika mbili na unaelewa ulichofanya.

Jambo jengine, ambalo wanaouza mashamba hulisahau, na mimi napenda ulione kwenye jedwali lako mwenyewe. Kaka yako amekuja baada ya msimu mkubwa. Simtuhumu, huenda ndipo alipopata pesa, tena za theluthi zake mbili za mavuno hayohayo. Lakini mikarafuu ikishazaa sana hupumzika, na jedwali lako linaanza na mwaka mwembamba wa laki 5, ule mnono uko mwaka wa nne. Hebu rudisha B1 kwenye 9%, kisha badilisha mpangilio: B5 iwe 3000000, kisha 500000, 1200000, 900000, kama vile unauza msimu mkubwa ukiwa mlangoni. Shamba linapanda kutoka milioni 12.09 mpaka 13.35. Miti haijaongezeka, umebadilika wakati wa kuuza, basi. Milioni moja na robo. Ndiyo maana pia sikukupa njia ya mkato ya kuchukua wastani wa milioni 1.4 na kutumia fomula ya PV, =PV(9%,20,-1400000). Hiyo inatoa milioni 12.78, inakuzidishia karibu laki 7 kwa sababu haijui kwamba mwaka mnono uko mwishoni mwa mzunguko. PV ni nzuri kwa kodi ya nyumba inayolipwa sawasawa. Kwa karafuu inadanganya. (Alama ya kutoa kabla ya 1400000 si kosa la uchapaji. PV hutoa jibu lenye alama kinyume na ulichoingiza.)

Lakini usiuchukue mzunguko wa miaka minne kuwa ni saa ya ukutani. Una misimu minne tu kwenye daftari, mzunguko mmoja. Mvua ikija wakati wa kuanika, au ukame ukiwa mrefu, mwaka wa nne unaweza kuwa wa tano, na mnono ukawa wa kati. Kama shangazi ana kumbukumbu za misimu ya nyuma, au mna stakabadhi za mauzo zilizobaki kwenye sanduku la marehemu baba, ziandike. Mzunguko wa pili ungenipa imani maradufu kuliko wa kwanza.

Na yapo mambo ambayo asilimia haiwezi kuyabeba. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu za Visiwani ni za Pemba zaidi. Mtu aliyekuwa na shamba Unguja mwaka 1871 angeweza kutumia asilimia yoyote aipendayo, isingemsaidia. Kwa hatari za namna hiyo sipandishi B1 kwa kukisia. Ninajiuliza: mapato yakipungua kiasi gani, ndipo kuuza na kutouza vingekuwa sawa? Gawa ahadi ya kaka kwa thamani ya shamba, =8366720/C25, ukiwa na asilimia 9, B2 sufuri, na misimu katika mpangilio wake wa mwanzo. Inatoka 0.69. Yaani mavuno yanaweza kushuka kwa asilimia 31, kila mwaka, miaka yote 20, na bado usijute kutouza. Kwa shamba lisilopungua, hiyo ni nafasi kubwa. Lakini rudisha B2 kwenye 2%, nafasi inakuwa asilimia 18 tu, na msimu mbaya wa kweli unaweza kuimeza.

Umeuliza fomula, lakini najua unangoja niseme kama kaka anakupunja. Kwa daftari ulilonalo, sioni dhuluma, naona bei ya mnunuzi. Ahadi yake ya milioni 8.37 za leo iko chini ya makisio yangu ya tahadhari, milioni 8.77, na mbali na ya matumaini, milioni 12.09. Mimi ningesimama kwenye milioni 10.25, ile ya shamba linalopungua asilimia 2 kwa mwaka, na ningemuonesha jedwali lenyewe, seli kwa seli, badala ya kumtajia namba. Kaka yako ana theluthi mbili. Kila hoja inayoipandisha thamani ya fungu lako inaipandisha na yake, na hana sababu ya kuichukia. Akisema hana uwezo wa kulipa zaidi ya milioni 5 sasa, mkubalie, ila awamu ya pili isibaki milioni 4. Andika =(10250000-5000000)*(1+B1)^2 na utaona inatakiwa iwe milioni 6.24. Kama hiyo ni nzito kwake, anaweza kununua nusu ya fungu lako sasa, nyengine msimu mkubwa ujao, kwa bei itakayopimwa upya wakati huo kwa daftari refu zaidi.

Mkishapatana, pelekeni makubaliano kwa Kadhi yaandikwe, na kabla ya hapo hakikisheni hati ya mirathi inataja mafungu kwa uwazi, na inataja ardhi na miti vyote viwili. Kwetu ardhi na mikarafuu iliyo juu yake vinaweza kuwa na wenyewe tofauti, na jedwali lako halijui umeuza kipi. Tarehe ya awamu ya pili iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka. Ikishakuwa na tarehe, unaweza kuacha NPV ukatumia XNPV, inayohesabu kwa siku: malipo safu moja, tarehe safu ya pili, ya kwanza ikiwa siku ya kusaini, =XNPV(B1,E5:E6,F5:F6), na hapo E5 inakuwa zile milioni 5 zenyewe, kwa sababu XNPV, tofauti na mwenzake, huianza hesabu siku ya malipo ya kwanza. Kaka akichelewa miezi sita, badilisha tarehe ya pili uone ni shilingi ngapi zimepungua.